Barafu ya Kirumba

Mimi ndiye mshika daftari.
Nyamizi wa Barafu, wananiita hapa Mwaloni,
si kwa ubaridi wa moyo, ingawa wapo wasemao,
ila hakuna bonge litokalo lango lile
kalamu yangu isiligushe.

Barafu ina hesabu yake.
Mashineni inatoka kilo hamsini,
ikifika gatini ni arobaini na sita,
na mwenye mtumbwi analipa hamsini.
Zile nne ziko njiani, chini ya ndala za watu,
zinarudi ziwani bila kudaiwa.

Byamungu alikuja mvua za masika,
na karatasi ndani ya mfuko wa nailoni,
ndani ya mfuko mwingine, ndani ya soksi.
Imekunjwa mara nane; penye mikunjo
herufi zimeshakufa.
Ilisema: mwenye hati hii anasubiri.
Ilisema: siku tisini.
Nikaigeuza, nitafute palipoandikwa kazi.
Nyuma palikuwa na wino wa muhuri, umevuja kutoka mbele.
Basi.

Bwana Lugembe hakuisoma.
Alimsoma mabega.
"Mwandike kumi na nne. Jina la nini?"

Kumi na nne akabeba.
Kumi na nne akapata elfu nne
siku ambayo kumi na tatu, kwa mzigo uleule, alipata saba.
Sikuuliza. Nina watoto watatu na karo,
na mkono ukikodishwa, ulimi hufuata.

Kila siku tisini alipanda basi kwenda dirishani.
Siku mbili njiani, siku mbili bila ujira.
"Njoo Alhamisi." Alhamisi: "Mhusika yuko semina."
Akirudi na tisini nyingine,
zikionekana nyepesi kuliko za kwanza.

Usiku kompresa ilipogoma,
sangara tani mbili kwenye makreti,
fundi wa Nyakato hapokei simu,
ni yeye aliyesogea, akaweka sikio kwenye bomba
kama mkunga.
"Kule Bukavu nilikuwaga na atelie," alisema.
"Vijana sita."
Hakuongeza.
Saa kumi alfajiri mashine ikakohoa, ikashika.
Nami kulipokucha nikaandika:
Na. 14, kubeba barafu, 4,000.

Kisha msumeno ukamchukua kidole cha pete.
Lugembe akafungua daftari, akalipiga kofi:
"Kumi na nne ni nani? Mnionyeshe jina lake!"
Hakunitazama aliposema hivyo.
Mimi nilijitazama.

Wanawake wa mapanki ndio waliochanga.
Upatu ukavunjwa kabla ya zamu ya Mbuke;
Mbuke akanuna siku mbili,
ya tatu akampelekea uji wa ulezi, na matusi juu yake:
"Kunywa, bati langu liko humo."

Jumatatu nikachukua kalamu nyeusi.
Nikarudi kurasa za nyuma, za masika,
niandike juu ya kila kumi na nne:
Byamungu Cirhuza, fundi.
Nilikuwa nimefika "Bya"
bandeji ikashuka juu ya ukurasa.

"Dada, acha kwanza.
Jina likionekana hapa,
kule dirishani wataniuliza nani alinipa ruhusa ya kubeba."

Tukakaa hivyo, kalamu na kidonda.
Bila jina hana fidia.
Akiwa na jina ana kesi.
Maji ya barafu yakaingia chini ya mlango
kama kawaida yake.

Nilichana kona ya ukurasa,
nikaandika jina zima, na tarehe, na kidole,
nikaitia kwenye pochi, katikati ya risiti za karo.
Siku ikifika ya kuulizwa, nitaulizwa mimi.

Tisini zake zinaisha Jumatano.
Nauli tumempa; Mbuke ndiye aliyehesabu, mara mbili.

Lugembe anaita kutoka langoni:
"Nyamizi! Mangapi yametoka?"
Thelathini na moja, namjibu.
Hamsini hamsini.
Huko yanakofika, sijui.